Anga Isiyo na Tumbusi

Akina mama wanaouza maziwa ya ngamia sokoni Garissa hutazama barabara. Wanangoja gari la maziwa litoke porini, na mwenye macho makali ndiye anayeliona vumbi lake kwanza. Kaha hatazami barabara. Madumu yake ameyapanga mbele yake, mtandio ameufunga vizuri, na uso ameuinua juu. Siku za mwanzo wenzake walimtania sana. "Abaayo, dada yetu, mvua haiji kwa kukodolewa macho," walimwambia, wakaangua kicheko. Walipojua anachokitafuta huko juu, utani ukakoma, na siku hizi mgeni akiuliza mama yule ana nini, huminywa mkono anyamaze.

Kaha anatafuta tumbusi. Ndiyo, yule yule ndege mwenye shingo kipara, mla mizoga, ambaye watu wakimwona hutema mate chini. Wamemsema vibaya tangu zamani, na wengi wanaomsema hawajawahi kupoteza hata mbuzi.

Alizaliwa porini, upande wa Diff, huko ambako mpaka wa Somalia uko karibu kiasi kwamba mbuzi huvuka kwenda na kurudi bila kuulizwa kitambulisho. Shule hakwenda. Alichosomeshwa ni ndege, na mwalimu wake alikuwa mama yake, mwanamke mkali aliyefundisha kwa kufinya. Tumbusi wakizunguka juu sana, mama alimwambia, wanatafuta tu kama unavyotafuta wewe, waache. Wakishuka moja kwa moja miguu ikining'inia, nyama imepatikana. Kama ni ngamia wako umeshamkosa, nenda taratibu ukaokote kengele yake. "Lakini wakitua mtini wakakaa, shingo zimezama mabegani, hawashuki na hawaondoki, hapo kimbia. Kilicho chini bado kina roho."

Kaha alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi, bado hajachumbiwa, alipowaona wamekaa hivyo kwenye mgunga mmoja mbali na malisho. Akakimbia na kibuyu cha maziwa mgongoni, mbuzi akawaachia Mungu. Chini ya ule mgunga hakukuta ngamia. Alikuta kijana amelala chali, mguu umevunjika, midomo imepasuka kwa kiu. Dume la ngamia lililokuwa limepandwa na wazimu wa kutaka majike lilikuwa limempiga teke na kumwacha pale tangu juzi yake. Kando ya mkono wake alikuwa amejirundikia vijiwe, na kila tumbusi alipojaribu kushuka, alimrushia kimoja. Vilikuwa vimebaki vichache.

"Umekuja kunisaidia kurusha?" alimuuliza.

Huyo ndiye Korane. Watu wa aina yake huvunja mbavu za wenzao hata wakiwa wanakufa. Mguu ulipona ukiwa umepinda kidogo, na msimu wa pili akaja kumposa. Maisha yao yote alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye alichaguliwa na tumbusi. "Walinikalia juu ya kichwa kama wazee wa mahari," alisema. "Wao wakanikosa, huyu hapa akanipata." Kaha alimwambia anyamaze, lakini chai yake siku hizo ilikuwa na sukari zaidi. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kumrushia tumbusi jiwe karibu na boma lile. Alipochinja, Korane alichukua mapafu mwenyewe, akachechemea nayo mpaka mahali pa wazi, akayatupa, akasema, "Hilo ni deni la vijiwe."

Walijaliwa mtoto mmoja aliyeishi, Abdisalam. Hadithi ya vijiwe alilelewa nayo. Akiwa mdogo aliitaka kila jioni, na baba yake aliisimulia akitia chumvi kila mara, mpaka tumbusi wakafika ukubwa wa mbuni.

Korane alifariki kwa figo, katika wodi moja hapo hapo Garissa, mbali na ngamia wake. Alimwachia Kaha kundi dogo na jike moja jeupe alilolipenda kupita kiasi. Mjane akashika fimbo. Wapo waliomwambia auze wanyama aje mjini akae kivulini. Akakataa, kwa sababu ngamia wale walikuwa wa Abdisalam, naye kijana alikuwa na mkono wa mifugo kama baba yake.

Mwaka uliotangulia ule ugonjwa wa korona, fisi wakaanza. Walichukua ndama mmoja, wakachukua wa pili. Kaha akaongeza miiba kwenye boma, akawasha moto, akakesha. Kisha wakamrarua ndama wa jike jeupe, wakafukuzwa kabla hawajamla sana. Jike likasimama juu ya mwanawe likilia, na kilio cha ngamia aliyefiwa ukikisikia mara moja hutakisahau.

Kulow, binamu wa marehemu, ndiye aliyekuja kumsaidia. Akamchuna ndama yule kwa uangalifu, kwa maana ngozi ya ndama aliyekufa haitupwi: hutiwa chumvi, na wakati wa kukama huletwa mbele ya mama yake, ainuse, adhani mwanawe yupo, aachie maziwa. Ni hila ya kusikitisha, lakini bila hiyo maziwa hukauka na watu hulala njaa. Nyama ikabaki pale chini. Ilikuwa nyamafu, haikuchinjwa, na hakuna Mwislamu ambaye angeigusa. Kulow akatoa mfukoni kifuko cha plastiki kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na punje ndogo za zambarau, dawa ya wadudu aliyoipata dukani mpakani.

"Shemeji, hii nyama haina mwenyewe ila fisi," alisema. "Mpe."

Kaha hakukurupuka. Aliwaza yote. Watu hawali nyamafu, kwa hiyo hakuna mtu atakayedhurika. Mbwa angewafunga. Abdisalam, ambaye sauti yake ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kukwaruza, aliuliza swali moja tu.

"Hooyo, na gorgor je?" Ndivyo wanavyomwita tumbusi kwa Kisomali, na hooyo ni mama.

"Ndege hawali gizani," Kaha akamjibu. "Tutaiweka jua likizama. Kabla halijachomoza nitakuwa nimeichoma yote."

Alikuwa anawajua ndege wake. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akazisukumiza punje zile ndani ya nyama kwa vidole vyake mwenyewe, na alfajiri akafanya kama alivyoahidi. Alikusanya masalio, akayachoma mpaka mifupa ikawa nyeupe. Kisha akaenda kukama. Alikuwa ameishika ngozi ya ndama mbele ya pua ya jike jeupe, maziwa yanaanza kushuka, alipoinua macho.

Tumbusi walikuwa wanashuka. Si pale alipochoma moto, bali mbali zaidi, kuelekea kwenye laga, ule mto mkavu. Walishuka moja kwa moja, miguu ikining'inia. Akaelewa papo hapo. Fisi alikula, akaondoka na sumu tumboni, akaenda kufia kwingine. Juu ya ndege alikuwa amefikiria kila kitu. Juu ya miguu ya fisi hakufikiria.

Akatupa ngozi, akakimbia. Alipofika, fisi alikuwa amelala ubavu, na tumbusi wamemzunguka, wengine tayari wamelala mabawa wazi, wengine wanayumba. Kaha akavua mtandio, akaupunga, akapiga kelele, akawarushia mchanga. Lakini tumbusi hawaitani kwa sauti. Huyu akiona mwenzake anashuka naye hushuka, na aliye mbali humwona huyo, na wa mbali zaidi humwona yule, ndiyo maana waliendelea kuja kutoka pande zote za mbingu. Alivyozidi kuwafukuza upande huu ndivyo walivyotua upande ule. Abdisalam alimkuta mama yake kichwa wazi, sauti imemkauka, anamsukuma kwa mikono miwili ndege mmoja mkubwa ili aruke, na ndege anamwegemea tu.

Waliwachoma wote, yeye na mwanawe. Mmoja wao alikuwa na kibandiko cha njano kwenye bawa, na mgongoni kijidude cheusi chenye waya. Kaha alikichukua, akakifungia kwenye kopo.

Baada ya majuma kadhaa likaja gari, na ndani yake mtu mmoja mpole kutoka Nairobi, Musyoka, aliyekuwa anasomea ndege wa aina hiyo na kuwafuatilia kwa mitambo. Kijidude chake kilikuwa kimenyamaza ghafla mahali hapo. Wazee wakamkaribisha chai, na kila aliyeulizwa habari za sumu akatazama vidole vya miguu yake. Mtu huwezi kumtoa wa kwenu kwa mgeni. Kaha akaenda kuleta kopo, akaliweka mbele yake.

"Ni mimi nimeweka hiyo sumu," alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, kisicho na 'p'. "Nilitaka fisi beke yake. Usisumbue hawa wazee."

Musyoka hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Kaha zaidi. Alikishika kijidude mkononi, akakigeuzageuza. Akamweleza kwamba ndege yule alivalishwa akiwa kule Mara, akaruka mpaka Ethiopia akarudi, mara mbili, na kwamba alikuwa jike.

"Itarudi lini, hii ndege?" Kaha akauliza. "Ingine. Mabya."

"Mama, hawa hutaga yai moja tu. Na kifaranga hukaa miaka mitano, sita, ndipo naye hutaga." Akakitia kijidude mfukoni. "Na huku wanapewa sumu kila mahali, si hapa tu. Sitaki kukudanganya."

Aliandika namba yake ya simu, akamwomba ampigie siku atakapowaona tena. Abdisalam akaiingiza kwenye simu yake na ya mama yake. Kulow naye akasema wasijitie majonzi, ndege ni ndege, na fisi kweli walikuwa wamekoma.

Kisha mvua zikakosa, msimu kwa msimu, mpaka watu wakaacha kuzungumzia mvua. Ng'ombe ndio waliotangulia kufa, wakafuata mbuzi, kisha hata ngamia. Mizoga ilivimba pembeni mwa njia na kukaa hapo siku nyingi mno, imefunikwa na nzi. Watu waliziba pua wakisema ukame huu una harufu ambayo ukame wa zamani haukuwa nayo. Kaha alijua ni kwa nini. Hakuna aliyekuja kuila. Alipita katikati ya mizoga ile kichwa ameinamisha, maana juu hapakuwa na kitu cha kutazama.

Jike jeupe ndilo lililopotea wakati huo. Lilikata kamba likafuata harufu ya maji au kumbukumbu ya maji, nani ajuaye. Abdisalam, sasa kijana wa ndevu changa, akasema atalirudisha.

"Muache," Kaha akamwambia. "Ngamia mmoja tu."

"Si ngamia mmoja, hooyo. Ni wa aabo, wa baba." Akachukua kidumu cha maji, shuka na simu, akaondoka asubuhi akipiga mluzi. Alisema kesho yake atakuwa amerudi.

Kesho ikapita. Simu yake haikupatikana. Siku iliyofuata Kulow akakusanya wanaume, likapatikana gari, wakaingia porini, na Kaha akakataa kuachwa. Jike jeupe walilikuta limekufa kando ya kisima kilichokauka, na nyayo za Abdisalam zilikuwa zimefika hapo zikageuka kurudi. Kisha upepo ulikuwa umezifuta. Wakaita mpaka wakapotewa na sauti. Wakapita laga, wakavuka, wakarudi. Pori lile la miiba limefungamana, mtu anaweza kuwa karibu nawe kama jirani wa ukuta mmoja usimwone.

Kaha alisimama juu ya gari akishikilia vyuma, anatazama juu. Aligeuka kila upande. Mama yake alimfundisha vizuri na hakusahau hata neno moja: wakizunguka, wakishuka, wakitua mtini. Mbingu ilikuwa bluu tupu kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee mmoja kwenye gari akasema, bila kumlenga mtu, kwamba zamani wangeshampata kwa sababu ya ndege. Kulow akamkanyaga mguu. Maneno yalikuwa yameshatoka.

Walitafuta mpaka maji yao wenyewe yakawaishia, wakarudi, wakaenda tena. Mwishowe sheikh akasema mtu huyu hana tena njia ya kuwa hai, na akaswaliwa swala ya maiti asiyekuwapo. Kaha aliswali na watu, kisha akakataa kukaa matanga. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajui amelala wapi. Ngamia waliobaki walikufa au wakauzwa, naye akaja Garissa kwa jamaa. Alianza kuuza maziwa ya ngamia wa watu wengine, na hapo ndipo akina mama sokoni walipomwona mara ya kwanza, akitazama juu.

Mvua zilirudi kwa fujo, kama mtu aliyekawia akaona haya. Madaraja yalizolewa, pori likawa kijani. Wachungaji wakasogea mahali ambapo hawakuwa wamefika kwa muda mrefu. Kulow alifika nyumbani kwa Kaha mchana, matope mpaka magotini, na kabla hajasema salamu Kaha alikuwa ameshakaa chini.

Abdisalam alikuwa amepatikana. Wachungaji wa ngamia walimkuta chini ya mgunga, ng'ambo ya laga, si mbali na pale gari lilipopita. Walimtambua kwa simu iliyokuwa mfukoni. Kulow aliitwa, akafika, wakamzika palepale, wakamswalia tena, na jiwe likawekwa kichwani.

Basi matanga yakakaliwa, safari hii kwa haki yake. Nyumba ikajaa wanawake, wakapika, wakasoma, wakamshika mabega. Habari zilikuwa zimeshaenea kwamba mwili ulikauka mzima mzima, na hilo kwao lilikuwa rehema kubwa. Kila aliyeingia alimfariji kwa maneno yale yale.

"Mshukuru Mungu, abaayo. Hata ndege hakumgusa."

"Alhamdulillahi," Kaha alijibu kila mmoja. Walimsifu kwa subira yake. Neno lile la ndege lilimchoma kila lilipotamkwa, na hakuna aliyejua, kwa kuwa walilisema kwa upendo.

Siku ya mwisho ya matanga Kulow alibaki nyuma. Alikuwa na jambo na hakujua kama aliseme. Aliwahi kuwa mtu wa maneno mengi, lakini tangu ukame alikuwa amezeeka ghafla.

"Mguu wake ulikuwa umevunjika, shemeji. Aliufunga mwenyewe kwa kijiti na kipande cha shuka. Shuka iliyobaki aliitundika matawini apate kivuli." Akavua kofia yake. "Nadhani hakufa siku ile. Nadhani alikaa."

Kaha aliendelea kukunja mikeka ya matanga.

"Na kando yake kulikuwa na vijiwe. Wale wachungaji walishangaa, na mimi pia. Sijui vya nini."

"Vijiwe gani?"

"Vidogo tu. Vya kutosha mkononi."

"Vilikuwa vimetawanyika?"

"Hapana. Vimerundikwa vizuri, karibu na mkono wa kulia. Rundo zima. Hakikuguswa hata kimoja."

Kulow hakuijua hadithi ya vijiwe vizuri. Aliwahi kuisikia kama mzaha wa Korane. Kaha aliijua, na Abdisalam aliijua. Alikuwa amelala pale akikusanya vijiwe kwa mkono mmoja, kimoja baada ya kingine, ajiandae kuwafukuza tumbusi watakapokuja kutua juu yake, mpaka mama yake awaone aje mbio. Aliwangoja. Gari lilipita, na yeye bado aliwangoja.

"Ni vya nini, shemeji?" Kulow akauliza tena.

"Mwachie hapo hapo kaburini," Kaha akasema. "Ni vyake."

Alimtilia chai, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kesho yake alirudi sokoni, akapanga madumu, akafunga mtandio, akainua uso.